Kinanda cha Shangazi Kilipopoteza Pumzi

Daktari alimwambia shangazi yangu kwamba magoti yake yamefika mwisho wa kukanyaga. Kutembea ruksa, kupanda kilima cha nyumbani polepole ruksa, hata kupalilia migomba ruksa kama atakaa kwenye kigoda. Kukanyaga pedeli za kinanda, hapana. Alipotoka hospitali hapo Bukoba mjini alipita kwangu Buhembe, akaketi, akanipa habari kwa mpangilio: kwanza dawa, pili mazoezi, tatu kinanda. Alipofika kwenye la tatu aliomba kwanza maji ya kunywa.

Kinanda chenyewe kipo kanisani, kwenye usharika wetu wa Kilutheri karibu na Nshamba, wilaya ya Muleba. Ni cha mbao, kipana kama kabati la vyombo, kina vibonyezo sitini na kimoja juu na pedeli mbili chini. Mpigaji akikanyaga pedeli kwa zamu, mivukuto iliyo ndani huvuta hewa, hewa hupita kwenye ndimi ndogo za shaba, na kila ulimi hutoa noti yake. Hakihitaji umeme. Kinahitaji magoti. Shangazi alianza kukipiga akiwa msichana aliyetoka kumaliza darasa la saba, na tangu hapo kwaya haikupata mpigaji wala mwalimu mwingine.

Mivukuto ilikuwa imezeeka pamoja naye. Nimeiziba mara mbili kwa ngozi ya mbuzi na gundi, mara ya pili bila matumaini, maana kitambaa cha mivukuto kilikuwa kimelegea kama karatasi iliyolowa. Kadiri hewa ilivyovuja, ndivyo alivyokanyaga kwa nguvu zaidi. Nadhani huko ndiko magoti yalikokwenda.

"Wanataka kuniaga," alisema baada ya kunywa maji. "Sikukuu ya Mavuno. Wazee wa kanisa wanasema kwa heshima."

"Halafu nani atapiga?"

"Vijana, na kile kinanda chao cha umeme. Kile kinachojipigia ngoma chenyewe. Ukigusa vibaya kinapiga ngoma hata wakati wa toba." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nimewaomba nijaribu njia nyingine mpaka siku hiyo. Ikishindikana, wanishukuru, nikakae kwenye benchi na wanawake wenzangu. Wewe unatengeneza redio, unatengeneza cherehani. Nitafutie kinanda kisichotaka magoti. Lakini kiwe changu. Nisijione nimekwenda kupika jikoni kwa jirani."

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na muda wake ulikuwa wiki tisa. Niliandika tarehe kwenye daftari.

Sikusomea ufundi wala muziki. Vitu vya umeme nilijifunza kwa kuvifungua na kuvirudisha, nikiandika kila skrubu ilikotoka. Noti za sol-fa alinifundisha shangazi huyu huyu. Programu ya muziki kwenye kompyuta nilijifunza miaka michache iliyopita kwa kusoma mwongozo wake wote, ukurasa kwa ukurasa, kamusi ikiwa pembeni, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumuuliza. Kitu kimoja kilinishangaza tangu siku ya kwanza. Vitufe vya programu ile vimechorwa na vivuli, kana kwamba unaweza kuvishika na kuvizungusha kwa vidole. Hakuna anayeweza kuvishika. Waliovichora walikuwa wamezoea mashine za vyuma na mbao, na walipohamia kwenye kioo walihama na vyombo vyao, kama mtu anayehama kijiji na kubeba mafiga yake.

Mpango wangu ulikuwa huu. Nirekodi kila noti ya kinanda cha zamani, niziweke ndani ya kompyuta, kisha nimpe shangazi kinanda chepesi kisicho na sauti yake mwenyewe. Akibonyeza, kompyuta itatoa sauti ya kile cha zamani kupitia spika. Mikono ile ile, sauti ile ile, miguu imepumzika.

Nilikwenda Nshamba kwa wiki tatu, siku zisizo za soko ili kelele ziwe chache. Mimi nilikanyaga, yeye alibonyeza. Kila noti mara tatu: pumzi ndogo, pumzi ya kati, pumzi kubwa. Mvua ikianza kwenye bati tuliacha, tukasubiri, tukarudia. Kulikuwa pia na mbuzi wa mwinjilisti, aliyefungwa nyuma ya kanisa, ambaye alijibu kila noti ya juu.

"Huyo ni sauti ya kwanza," shangazi alisema. "Mwache, kwaya ina upungufu."

Alizijua noti zake kama mwalimu anavyolijua darasa. Aliniambia mapema ipi inachelewa kuitika, ipi ina mafua, ipi hukasirika ikipigwa peke yake. Ukanyagaji wangu haukumfurahisha.

"Unakanyaga kama mtu anayefukuzwa na mbwa."

"Shangazi, kanuni ni hewa itoke sawasawa."

"Nani aliandika kanuni hiyo? Ana kwaya?"

Nilipaswa kuuliza zaidi hapo, lakini nilikuwa na orodha ya noti sitini na moja na nilikuwa nimefika ya ishirini na nne.

Nilirudi Buhembe na rekodi zangu, nikaanza kusafisha. Niliondoa mvua iliyobaki, nikaondoa mbuzi. Kazi ya kusafisha ina utamu wake: ukishaanza, huoni sababu ya kuacha. Nikaondoa mnong'ono wa hewa unaotangulia kila noti. Nikaondoa mlio wa pedeli ya kushoto, ng'wii, ulioingia kwenye karibu kila rekodi, maana pedeli ile ililia tangu nilipokuwa mtoto. Nikasawazisha sauti ili noti ianze na kubaki vile vile mpaka kidole kitoke. Jambo moja tu niliacha kwa makusudi: noti zilizokuwa zimepanda au kushuka kidogo kwa uzee sikuzinyoosha, kwa sababu masikio ya kwaya yalikuwa yamezikubali. Nilijiona mtu mwenye busara sana kwa kuacha hilo.

Zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya sikukuu, tulifanya mazoezi ya kwanza. Niliweka kinanda kipya juu ya vibonyezo vya zamani ili shangazi akae pale pale alipozoea. Kompyuta niliiweka kando yake, juu ya kiti. Waimbaji kumi na wanane walikuja wakaizunguka.

"Mwalimu," alisema mzee wa besi, mkulima wa kahawa ambaye amemtania shangazi tangu wote wana meno ya mbele, "leo umekuja na meza hiyo kupiga pasi?"

"Ndiyo. Njoo nikunyooshe uso."

Wakacheka, wakasimama mahali pao. Shangazi akaweka mikono, akabonyeza. Sauti ilitoka safi, kubwa, nzuri kuliko nilivyotarajia. Ilikuwa ni kinanda chetu kabisa. Nilitazama kwaya.

Hakuna aliyeimba.

Walikuwa wamefungua midomo. Walimtazama shangazi, shangazi akawatazama, noti ikaendelea kulia. Kisha mtu mmoja wa sauti ya kwanza akaingia, wawili wa sauti ya pili wakamfuata, na besi ikafika kama gari la mwisho. Walipofika mstari wa tatu nyuso zilikuwa zimevimba. Mama mmoja wa sauti ya pili, anayeuza ndizi sokoni na ambaye sauti yake huvuka bonde, aliacha kuimba akashika kifua.

"Waitu, jamani, nimebaki na pumzi ndani kama mtu aliyezama! Tunapumua wapi?"

"Pale pale mnapopumua siku zote," nikasema.

"Siku zote hatuambiwi. Tunapumua tu."

"Kinanda hiki hakina pua," akaamua mzee wa besi. "Kinaongea bila kumeza mate. Kama mke wangu."

Tulirudia mara nne. Mara nne hawakuanza pamoja. Watu wale wameimba pamoja kwa miaka mingi kuliko ndoa nyingi zilivyodumu, na sasa walikuwa kama abiria waliokutana stendi. Mzaha ulipungua. Shangazi aliondoa mikono, akaiweka mapajani.

"Umemwogesha mpaka tumemkosa," aliniambia taratibu. Kisha, kwa sauti ambayo kwaya yote iliisikia: "Kama ni hivi, bora niage."

Hilo liliniuma. Lakini nina tabia moja: jambo likinishinda, nauliza kwa utaratibu. Niliwaomba radhi, nikachukua daftari, nikapita kwa kila mwimbaji na swali moja tu. *Unajuaje pa kuanzia?*

Majibu kumi na manane, na hakuna mawili yaliyofanana. Wengine walisema wanatazama mikono yake. Wengine, kichwa chake. Mama wa sokoni alisema anajua tu, na akanishangaa kwa kuuliza. Mzee wa besi alisema anatazama magoti ya mwalimu. Sauti ya kwanza yote ikapiga kelele.

"Miaka yote hiyo, Tata, mzee wetu! Kumbe ulikuwa kazini!"

"Kwaya ni kazi ya kujitolea," akajibu bila aibu. Shangazi alivuta sketi chini kidogo, akacheka mpaka akafuta macho.

Jibu la mzee ndilo lililonipa mwanga. Mama wa sokoni alikuwa na rekodi ya ibada ya mwaka uliopita kwenye simu yake. Niliichukua, nikaiingiza kwenye programu, na kesho yake nikaitazama nyumbani. Programu huchora sauti kama mstari wa vilima, kwa hiyo naweza kuona kitu kabla sijakisikia. Mbele ya kila wimbo kulikuwa na kilima kidogo kabla ya kilima kikubwa. Nikasikiliza. Ng'wii. Pedeli ya kushoto. Shangazi huanza na mguu wa kushoto daima, mlio unatoka, na baada yake, kwa nafasi ya pigo moja kamili la wimbo unaokuja, kwaya yote inaingia kama mtu mmoja. Nikapima nyimbo saba. Wimbo ukiwa wa haraka, mlio na sauti vilikaribiana; ukiwa wa taratibu, viliachana. Mguu wake ulikuwa unawaambia lini na kwa mwendo gani, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba anaambiwa.

Halafu nikaona la pili. Mwisho wa kila mstari, mguu mmoja unapopanda na mwingine haujashuka, hewa hupungua kidogo na sauti huinama. Hapo ndipo walipopumua. Kile nilichokisawazisha kwa siku tisa, nikijivunia, kilikuwa alama ya pumzi ya watu kumi na wanane. Nilirudi kwenye mwongozo wa programu, kwenye ule ukurasa unaoeleza jinsi noti inavyopanda, inavyotulia, inavyokaa na inavyokufa. Nilikuwa nimeusoma mara nyingi kama hesabu. Sasa niliusoma kama maelezo ya mivukuto. Waandishi wake hawakuitaja, lakini ilikuwa ndiyo.

Nilichokifanya kwanza kilikuwa kosa lingine. Nilichukua mlio wa pedeli kutoka kwenye rekodi, nikauweka kwenye kibonyezo cha chini kabisa, nikampelekea shangazi. Abonyeze pale kwanza, ng'wii, kisha aanze.

Alibonyeza mara tatu. Akatikisa kichwa.

"Huu ni wa siku ile tu," alisema. "Haujui tunaimba nini leo."

Alikuwa sahihi. Mlio ule haukuwa kengele. Ulikuwa mguu.

Kwa hiyo nilifungua kinanda cha zamani kwa chini, nikakata mikanda inayounganisha pedeli na mivukuto. Pedeli zikabaki huru, mbao tupu zikicheza kwenye bawaba zake, na chini ya kila moja nikaweka springi nyepesi ya kuirudisha juu. Nilipima kwa mizani ya jikoni: kuikanyaga kulihitaji chini ya nusu kilo. Kifundo cha mguu kinatosha, goti halisogei. Kisha nikatoa kwenye redio mbili mbovu ile sehemu inayozungushwa kuongeza sauti, nikafunga moja kwa kila pedeli kwa uzi mgumu, na waya zikaenda kwenye kibao kidogo cha elektroniki kinachoipa kompyuta namba. Pedeli ikishuka, namba inapanda. Pedeli zikikaa bila kusogea, namba inaisha polepole kama hewa inavyoisha. Ndani ya programu nikaziambia noti zote zitii namba hiyo. Mnong'ono wa hewa nikaurudisha. Bawaba sikuzitia mafuta.

Shangazi alipeleka habari kwa daktari kwa simu, akaeleza vizuri, akaruhusiwa. Siku ya mazoezi alikaa, akakanyaga kwa kifundo, mara moja, bila kubonyeza kitu.

Ng'wii.

Kabla hajagusa kibonyezo, watu kumi na wanane walivuta pumzi. Niliwaona mabega yakipanda pamoja. Hakuna aliyekuwa amewaambia chochote; kwenye daftari langu nimeandika tu, *mabega*. Shangazi naye aliona. Alikaa hivyo kidogo, mikono hewani, uso wake ukifunguka.

"Mmerudi," alisema. Akapiga.

Siku ya Mavuno kanisa lilijaa ndizi. Mikungu ilipangwa mbele mpaka karibu na meza ya altare, kukawa na magunia ya maharage, vikapu vya kahawa, kuku waliofungwa miguu, na mihogo mirefu kama mikono ya watu. Mchungaji alipita kwetu kabla ya ibada. Alinionyesha, bila kuficha, karatasi mbili ndani ya Biblia yake: moja ya matangazo, moja ya kumuaga shangazi. "Nitasoma mojawapo," alisema. "Bado sijui ipi." Shangazi alimjibu kwamba mwandiko wake ni mbaya, asijisumbue na zote mbili.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ulikwenda vizuri zaidi, na nikaanza kupumua kama watu wengine. Wimbo wa tatu ulikuwa mrefu, wa taratibu, wa kupeleka mazao mbele. Washarika walikuwa wamepanga mstari na mizigo vichwani. Kwenye ubeti wa pili, umeme ukakatika.

Kompyuta haikuzima, ina betri. Spika zilizima. Sauti ya kinanda ilikatwa kama uzi. Nilikuwa nimefikiria mambo mengi kwa wiki tisa, nikaandika kurasa nyingi, na hilo, katika mkoa ninaoishi, sikuliandika. Nilitazama mchungaji. Mkono wake ulikuwa juu ya Biblia.

Kwaya haikuacha.

Ilinichukua muda kuelewa. Shangazi alikuwa ameondoa mikono kwenye vibonyezo, kwa kuwa havikuwa na faida, lakini miguu yake ilikuwa haijaacha. Kushoto, kulia, kushoto. Mbao ile haikujali umeme. Ng'wii, na mstari ukaanza. Kimya kidogo pedeli inapopanda, na watu kumi na wanane wakapumua. Ng'wii, mstari mwingine. Kanisa zima lilikuwa likiimba sasa, hata waliobeba mikungu, na chini ya sauti zote ule mlio mkavu uliendelea kuwashika pamoja. Mzee wa besi alikuwa akitazama mbele moja kwa moja, kwa adabu kubwa, akiitikia vizuri kuliko siku zote.

Umeme ulirudi kwenye ubeti wa tano. Niliona taa nyekundu ya spika, nikamtazama shangazi nikidhani atarudisha mikono papo hapo. Hakurudisha. Kwaya isiyo na kinanda hushuka kidogo, na yeye alisikia, kama nilivyosikia mimi, kwamba walikuwa wameshuka chini ya noti za kinanda. Angebonyeza pale, kungekuwa na ugomvi masikioni. Aliwaacha wamalize ubeti kwa miguu tu. Mwishoni alisimamisha pedeli, akaacha kimya cha mapigo mawili zaidi ya kawaida, akapiga noti za kuanzia peke yake ili wazisikie, akakanyaga mguu wa kushoto. Waliingia juu ya noti kana kwamba hawakuwahi kuondoka hapo. Mama wa sokoni alikuwa akilia na kuimba kwa pamoja, na vyote viwili vilisikika mpaka nje.

Mchungaji alisoma karatasi ya matangazo.

Baada ya baraka watu walikwenda mbele kununua mazao kwenye mnada, na kelele ikawa kubwa, jogoo mmoja amefunguka akikimbia juu ya magunia. Mimi nilipiga magoti kukagua uzi wa pedeli ya kulia, ambao nilihofia umelegea. Wazee wawili wa kanisa walikuja kumpa shangazi mkono. Aliwapa mkono haraka, akaangalia juu ya mabega yao, akaona kwaya inaanza kutawanyika kwenda kwenye mnada.

"Ninyi!" aliita. "Sijawaruhusu. Alhamisi saa kumi jioni, wimbo mpya, sauti zote nne. Besi mje saa tisa, ubeti wa tatu mmeuharibu."

"Mwalimu, ubeti wa tatu hakukuwa na umeme!" mzee wa besi alilalamika.

"Umeme hauimbi besi," shangazi akasema, akafunika kinanda kipya kwa kitambaa chake cha kichwa dhidi ya vumbi, akaenda kumtafuta jogoo.